Kabla ya Kutia Sahihi: Kijana Rubani na Uchaguzi wa Shirika la Ndege

*Haya ni maneno ya rubani mzaliwa wa Kitui Magharibi aliyezungumza na vijana na wazazi mjini Kabati kuhusu ajira katika mashirika ya ndege. Tunayachapisha kwa manufaa ya familia zenye watoto katika shule za urubani, na zile zinazofikiria kuwapeleka huko.*



Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu: kijana akishapata leseni ya urubani, afanye kazi katika shirika gani? Najua wako watakaosema kwamba hilo ni swali la watu walioshiba. Kazi zenyewe ni chache, mtoto ashike ile atakayopewa. Ni kweli kazi ni chache. Lakini nimewaona vijana wengi wakitia sahihi mkataba wa kwanza kwa haraka, kisha wakakaa miaka mitano wakijaribu kutoka ndani yake. Mkataba huo hauwahusu wao peke yao. Masomo ya urubani hugharimu mamilioni ya shilingi, na hapa kwetu tunajua pesa hizo hutoka wapi. Zimetoka kwenye kipande cha shamba kilichouzwa, mkopo wa Sacco, harambee, na mshahara wa dada aliye mwalimu. Kijana akikosea njia, ni nyumba nzima iliyokosea.

Kwa hivyo nawapa swali moja la kubeba. Kabla ya kuuliza, "Watanilipa ngapi?", kijana ajiulize, "Siku shirika hili litakapofunga, au siku nitakapoondoka, nitatoka na nini mkononi?"

Mtasema ninawatakia mabaya. Hapana. Mashirika ya ndege hufunga, na historia yetu wenyewe inasema hivyo. East African Airways ilianzishwa mwaka wa 1946, ikawa fahari ya nchi zetu tatu. Mwaka wa 1977 ilikufa, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huohuo. Uganda Airlines ilifungwa mwaka wa 2001, na ndege zake hazikurudi angani mpaka Agosti 2019. Fastjet ilianza kuruka Tanzania mwaka wa 2012 kwa nauli nafuu, ikajaza abiria, lakini kufikia mwisho wa 2018 ilikuwa imefika ukingoni.

Hapa Kenya tulikuwa na Jetlink. Ilikuwa na ndege za jeti na abiria wa kutosha, na miongoni mwa safari zake kulikuwa na Juba. Mwaka wa 2012 Sudan Kusini ilisimamisha uzalishaji wa mafuta, dola zikaadimika kule, na pesa za tiketi ambazo Jetlink ilikuwa imeuza zikakwama Juba. Novemba mwaka huo ikasimamisha safari zake. Angalieni hapo: marubani walikuwa wanaruka vizuri na abiria walikuwa wanalipa. Tatizo lilikuwa katika benki ya nchi nyingine, mahali ambapo rubani hawezi kulifikia kwa usukani wake.

Halafu ukaja mwaka wa 2020. Mwezi Machi ndege za abiria za kimataifa zilizuiwa kuingia na kutoka Kenya, zikarudi tarehe 1 Agosti. Safari za ndani zilirudi katikati ya Julai. Hata Emirates, ambayo kila kijana huitaja kwanza ukimuuliza ndoto yake, iliachisha kazi mamia ya marubani mwaka huo.

Sisi watu wa Kitui tunaielewa hesabu hii. Hakuna mkulima wa Kabati anayepanda mahindi peke yake shamba lote akingoja mvua. Huweka ndengu, kunde, mbaazi na mtama, kwa sababu anajua iko misimu itakayomwangusha. Hiyo ni akili, wala haimaanishi kwamba amekata tamaa. Rubani naye apange hivyo.

Sasa, rubani anayeondoka kazini hutoka na nini? Hutoka na vitu vinne: saa alizoruka, aina za ndege zilizoandikwa kwenye leseni yake, cheti cha afya, na jina lake. Kitu cha tano hakitakiwi, lakini wengi hutoka nacho. Ni deni. Tuvipitie.

Saa na aina ya ndege

Leseni ya kwanza ya biashara mtu huipata akiwa na saa 200 hivi. Leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inahitaji saa 1,500, pamoja na masharti mengine ya saa za usiku, za safari ndefu na za kuruka kwa kutegemea vyombo. Katikati ya saa hizo ndipo vijana wengi hukwama.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ana saa 250. Shirika la kwanza linampa shilingi 300,000 kwa mwezi, lakini ndege zake ni chache na atapata saa 25 tu kila mwezi. La pili linampa shilingi 180,000, akiruka saa 70 kwa mwezi. Anahitaji saa 1,250 zaidi. Katika shirika la kwanza zitamchukua miezi 50, yaani zaidi ya miaka minne. Katika la pili zitamchukua miezi 18. Mzazi ataona lile la kwanza ndilo bora kwa sababu ya mshahara. Lakini ikiwa yote mawili yatafunga baada ya miaka miwili, yule wa pili atatoka akiwa ametimiza saa zake, na yule wa kwanza atakuwa bado nusu ya safari.

Kwa hivyo kijana anayerusha Caravan kutoka Wilson kwenda Mara au Lamu asidharauliwe na jirani kwamba anaendesha ndege ndogo. Mwulizeni anaruka saa ngapi kwa mwezi.

Jambo la pili ni aina ya ndege. Dereva wa matatu akiachana na tajiri mmoja leo, kesho anashika usukani wa gari lingine kwenye barabara hiihii ya Kitui kwenda Migwani. Rubani hawezi. Kila ndege kubwa ina mafunzo yake na mtihani wake, na jina lake huandikwa kwenye leseni. Mwenye Dash 8 hawezi kuamka akarusha Boeing 737. Basi uliza: ndege hii nitakayofunzwa, ni nani mwingine anaitumia? Dash 8 inatumiwa na Jambojet na mashirika kadhaa ya Wilson. Boeing 737 iko dunia nzima. Lakini ukifunzwa ndege ya zamani ambayo imebaki kwa kampuni mbili tatu, siku kampuni yako ikianguka, ujuzi wako umeanguka nayo.

Foleni ya kupanda cheo

Katika mashirika mengi rubani hapandi cheo kwa uhodari tu. Iko foleni, na aliyeingia kwanza yuko mbele. Foleni hiyo huamua nani atakuwa kapteni, nani atahamia ndege kubwa, na mara nyingi nani ataondolewa kwanza mambo yakiharibika. Ukihama, unaiacha nafasi yako na kuanza mkiani kwingine. Kapteni wa miaka 38 anaweza kwenda shirika kubwa akawa tena rubani msaidizi, akikaa kando ya kapteni mdogo kwake kwa umri.

Kuhama si kosa, ila kuna bei yake, na bei hiyo hupanda kila mwaka. Kwa sheria za kimataifa rubani wa ndege ya abiria anayekwenda nchi za nje huacha usukani akifika miaka 65. Mwenye miaka 25 anaweza kuanza foleni upya mara mbili. Mwenye miaka 50 afikirie sana. Uliza shirika: rubani msaidizi wa mwisho kupandishwa kuwa kapteni hapa alingoja miaka mingapi? Na ndege mpya zinakuja, au zilizopo zinapungua? Pale ndege zinapoongezeka foleni hutembea. Pale zinapopungua foleni husimama, hata kama mshahara ni mzuri.

Deni lililofichwa ndani ya mkataba

Mafunzo ya aina ya ndege ni ghali. Shirika likikulipia, kwa kawaida litakufunga kwa mkataba ambao marubani huuita bondi. Utakubali kufanya kazi miaka kadhaa, na ukiondoka mapema ulipe. Bondi si dhambi, kwa maana aliyelipa anataka haki yake. Lakini isomeni. Deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki palepale mpaka siku ya mwisho? Shirika likikuachisha kazi lenyewe, utadaiwa? Likishindwa kukulipa mshahara miezi mitatu, bado umefungwa? Na nani ameweka dhamana, kijana au mzazi kwa hatimiliki ya shamba?

Wazazi, hapo nawasihi. Msiweke shamba lililobaki kuwa dhamana ya mkataba ambao hakuna wakili aliyeusoma. Pesa za wakili kwa kazi ya siku moja ni kidogo ukilinganisha na shamba.

Someni pia yale yasiyo mshahara: bima ya rubani anayepoteza cheti cha afya, akiba ya uzeeni, malipo ya saa za ziada. Rubani hupimwa afya kila mwaka, na akishapita miaka 60 kila miezi sita. Moyo, macho au kisukari vinaweza kumshusha chini akiwa na miaka 35, na leseni yake ikawa karatasi. Kama hakuna bima, nani atalipa mkopo wa Sacco? Na msidhani akiba ya uzeeni ni jambo dogo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na miongoni mwa madai yao makubwa ilikuwa michango ya akiba yao iliyokuwa imesimamishwa tangu wakati wa korona.

Mfuko wa shirika

Kijana atasema, nitajuaje kama shirika lina pesa? Kwa Kenya Airways ni rahisi, kwa sababu hisa zake ziko katika Soko la Hisa la Nairobi na hesabu zake hutangazwa. Katika mwaka ulioishia Machi 2016 ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2. Mwaka wa 2024 ilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya bilioni 12 hivi, baada ya ndege 3 kati ya 9 za Dreamliner kukaa chini kwa ukosefu wa injini.

Mtu akisikia hivyo atasema, basi tusiende huko. Ngojeni. Shirika hilo limepata hasara miaka mingi na bado linaruka, kwa sababu Serikali ina karibu nusu ya hisa zake na haijakubali lianguke. Kampuni ndogo ya mtu binafsi yenye faida leo inaweza kufungwa na deni moja la mafuta. Kwa hivyo uliza maswali mawili: je, linapata faida? Na likikosa, nani atalibeba? Lakini msiweke tumaini lote kwa serikali pia. Uganda Airlines ilikuwa ya serikali ilipokufa mwaka wa 2001. Na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, waliokuwa wafanyakazi wake huko Tanzania walidai mafao yao kwa miaka mingi sana.

Kwa kampuni isiyotangaza hesabu zake, waulize waliomo. Mishahara huingia tarehe ngapi? Ndege ngapi zimeegeshwa zikingoja vipuri? Shirika linaloishiwa pesa huanza kuchelewesha mishahara na kunyofoa kifaa cha ndege moja ili lifungie nyingine. Ukiona hayo mawili pamoja, anza kutafuta mlango.

Jina lako na uhai wako

Hapa sitaki mtu asinzie. Leseni ni ya rubani, si ya tajiri. Mkubwa wa kampuni akikushurutisha uruke na ndege yenye hitilafu isiyoandikwa, au uzidishe mzigo, ajali ikitokea jina litakaloulizwa kwanza ni lako, ukiwa hai. Mwezi Oktoba 2019 ndege ya Silverstone ilitoka nje ya njia ya kurukia pale Wilson, na wiki mbili hivi baadaye nyingine ikapoteza gurudumu ilipopaa kutoka Lodwar. Novemba, Mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, ikasimamisha kwa muda ndege zake za Dash 8. Ndege zikisimama, na marubani wake wamesimama, hata yule ambaye hakukosa lolote.

Angalieni pia njia. Kazi za kupeleka mizigo sehemu zenye vita hulipa vizuri na huwapa vijana saa haraka. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya African Express iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, Somalia. Watu 6 waliokuwemo walikufa wote. Sisemi msiende. Wako wagonjwa na wenye njaa wanaongoja ndege hizo. Nasema anayekwenda ajue, na familia ijue, na bima iseme wazi kama inalipa mtu akifia eneo la vita. Ziko nyingi ambazo hazilipi.

Kabla ya kutia sahihi, hakikisha kampuni ina cheti cha KCAA ambacho hakijaisha. Angalia kama imepita ukaguzi wa usalama wa IATA, maana orodha yake iko wazi kwenye intaneti. Angalia pia orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyopigwa marufuku kuruka huko. Mashirika yote yaliyosajiliwa Kongo yamo kwa miaka mingi, na mwaka wa 2025 yale ya Tanzania yaliongezwa yote. Orodha hiyo haimhukumu rubani mmoja mmoja, lakini mwajiri wa kesho akisoma ulipotoka, ataisoma nayo.

Na Ghuba je?

Swali hili halikosekani. Falme za Kiarabu na Qatar hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara, na mara nyingi shirika hutoa nyumba na karo ya watoto. Ndege ni mpya na saa ni nyingi. Ni kazi nzuri. Lakini kibali cha kuishi kimefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, nyumba, shule ya mtoto na kibali vinaisha pamoja, na una muda mfupi wa kufunga mizigo. Waliorudi mwaka wa 2020 wakiwa wamejenga hapa nyumbani na kuweka akiba waliumia, lakini walisimama. Waliokuwa na mikopo ya magari Dubai walikuwa na hali tofauti kabisa.

Anayekwenda huko ahesabu mshahara wake kama mavuno ya mwaka wa mvua nyingi. Ghala lijazwe, kwa sababu mwaka unaofuata hatuujui.

Neno kwa wazazi

Mmewasomesha watoto hawa kwa jasho, na ni haki yenu kutaka matunda. Lakini miaka mitatu ya kwanza baada ya leseni, msiwabane kwa ajili ya mshahara. Mtoto anayebanwa atachukua kazi inayolipa haraka, hata kama haimpi saa, hata kama ndege ni mbovu. Mkae naye, muandike mkopo ni kiasi gani, italipwa kiasi gani kwa mwezi, na chakula chake Nairobi kitatoka wapi. Kama deni la mwezi linazidi anachoweza kupata kwenye kazi ya kawaida ya kuanzia, nendeni mapema kwenye Sacco mkaongeze muda wa kulipa. Ni bora kuongeza miaka miwili ya mkopo kuliko kumsukuma kijana kwenye ndege ambayo yeye mwenyewe anaiogopa.

Na kwa kijana ambaye bado yuko kidato cha nne akiwaza urubani: fanya kipimo cha afya cha daraja la kwanza kabla familia haijauza chochote. Daktari aliyeidhinishwa na KCAA atakuambia mapema kama macho na moyo wako vinafaa. Kipimo hicho kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na karo.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Shirika linalozama, uhodari wako wa kurusha ndege hautaliokoa. Unachoweza kukiokoa ni saa zako, leseni yako, afya yako na jina lako, na kuhakikisha kwamba shamba la mzee halikuzama pamoja nalo. Kabla hujatia sahihi, andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi, uyasome pamoja na watu wa nyumbani. Jibu moja likiwa "sijui", rudi ukaulize. Mwajiri anayekasirika kwa kuulizwa kuhusu bondi na bima ameshakujibu.

Sasa niko tayari kwa maswali yenu.